Kusoma Uhalifu kwa Shahada ya Uzamili: Mambo ya Kujifunza kutoka Mnyambe

Wako wanafunzi wetu, na hata wachungaji waliokwisha kutumika miaka mingi usharikani, wanaouliza kama yafaa mtu aliyesoma theolojia, sheria au elimu ya jamii aendelee na masomo ya uhalifu katika ngazi ya uzamili. Baadhi huuliza kwa sababu wamepewa kazi ya kuwatembelea wafungwa. Wengine huuliza kwa sababu wameona vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vikitangaza masomo hayo. Swali ni jema, lakini mara nyingi linaanzia mwisho: huulizwa ni chuo gani, ada ni kiasi gani, na ni kazi gani itakayopatikana baadaye. Makala haya yanakusudia kueleza jambo linalotangulia hayo yote, yaani mtu anayesoma uhalifu kwa shahada ya uzamili anasoma kitu gani hasa. Ili maelezo yetu yawe na mahali pa kukanyaga, tutayaweka katika kata moja, Mnyambe ya wilaya ya Newala, na katika jambo moja linalojulikana na kila mtoto wa huko: ununuzi wa korosho uitwao kangomba.

Kibakuli na mizani

Mnyambe iko juu ya uwanda wa Makonde. Udongo wa huko ni wa kichanga nao humeza mvua upesi, hata kwa vizazi vingi watu walishuka mabondeni kuteka maji, mpaka mradi wa maji wa Makonde ulipoanza kuwapunguzia taabu hiyo katika miaka ya 1950. Udongo huohuo unaowachosha wateka maji umeikubali mikorosho. Korosho huvunwa tangu Oktoba hivi mpaka Januari, na katika miezi hiyo michache mkulima hupata karibu fedha yake yote ya mwaka. Lakini matumizi hayangojei msimu. Mwanafunzi anayekwenda bweni mwezi wa Januari hutaka godoro na sare. Februari na Machi ni miezi ya ghala tupu kabla chakula kipya hakijaiva. Ifikapo katikati ya mwaka yatakiwa salfa ya kupulizia mikorosho isishikwe na ubwiri unga, na salfa hainunuliwi kwa ahadi.

Kwa taratibu zilizowekwa, mkulima hapaswi kumwuzia korosho mtu yeyote ajaye mlangoni. Tangu mwaka 2007 mkoa wa Mtwara umeuza korosho zake kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, uliosimama juu ya Sheria ya Stakabadhi za Maghala ya mwaka 2005. Mkulima hupeleka korosho katika chama chake cha msingi, hupimiwa kwa mizani, hupewa stakabadhi, kisha korosho huenda ghala kuu na kuuzwa mnadani. Fedha huja baadaye, baada ya makato. Sheria ya Tasnia ya Korosho ya mwaka 2009 nayo imeubana ununuzi wa korosho kwa leseni.

Sasa tumfikirie mama mmoja wa Mnyambe, ambaye hatuna haja ya kumpa jina. Mwezi wa Machi anapungukiwa. Yuko kijana wa kijiji cha jirani mwenye fedha taslimu, naye anampa kiasi fulani kwa makubaliano kwamba Oktoba atarudishiwa korosho, zikipimwa kwa kibakuli wala si kwa mizani. Bei iliyofichwa ndani ya makubaliano hayo ni ndogo kuliko bei ya mnada, nao wote wawili wanajua. Oktoba ikifika mama analipa. Kijana anazikusanya korosho za kina mama kumi au ishirini, naye anatafuta njia ya kuziingiza ghalani kwa jina la mkulima mwenye akaunti.

Ukimwuliza mama amefanya nini, atasema amekopa. Kijana atasema amemsaidia jirani wakati wa shida. Viongozi wa ushirika watasema kijana anahujumu ushirika. Ofisa wa serikali atasema amenunua korosho bila leseni na kumdhulumu mkulima. Tendo ni moja, majina ni manne. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya sheria hufundishwa kutafuta ni jina lipi lililo sahihi mbele ya mahakama, nayo ni kazi ya maana. Mwanafunzi wa uzamili katika elimu ya uhalifu huanza na swali jingine: majina hayo manne yametoka wapi, na kwa nini moja lina uwezo wa kumpeleka mtu rumande ilhali mengine hayana.

Neno lenyewe

Elimu hii wengine huiita kriminolojia, kwa kulifuata neno la kigeni. Lugha yetu ina akiba kubwa ya maneno katika uwanja huu, wala si vema kuyapita haraka. Mhalifu, kwa asili, ni mtu aliyehalifu, yaani aliyekwenda kinyume cha amri. Jinai ni neno la sheria. Kosa latokana na kukosa, kama mwindaji anavyokosa shabaha. Hatia kwa Kiarabu ilikuwa karibu na dhambi, lakini katika Kiswahili imekaa mahakamani na kanisani kwa wakati mmoja, hata mshitakiwa “hupatikana na hatia” Jumatatu kwa neno lilelile alilolisikia ibadani Jumapili. Sisi tuliozoea kusoma Maandiko kwa makini twaweza kudhani kwamba tofauti hizi ni za wanaisimu tu. Sivyo. Mtafiti anayekwenda Mnyambe na hojaji yenye swali, “Je, umewahi kutendewa uhalifu?” atapata majibu ya wizi na ujambazi. Akiuliza, “Je, umewahi kudhulumiwa?” atakaa kutwa nzima akiandika, na mengi atakayoandika hayamo katika Kanuni ya Adhabu.

Kwa hiyo yafaa kuitenga elimu hii na jirani zake. Sheria ya jinai hueleza ni tendo gani lililokatazwa na adhabu yake ni ipi. Upelelezi hutafuta nani alitenda. Elimu ya adhabu hushughulika na gereza, kifungo cha nje na kurekebishwa kwa mfungwa. Elimu ya uhalifu hutumia matunda ya hao wote, lakini maswali yake ni matatu: kwa nini tendo fulani hufanywa kosa, kwa nini baadhi ya watu hulitenda, na jamii pamoja na dola huitikiaje linapotendeka. Katika shahada ya kwanza swali la pili humeza mengine. Katika uzamili swali la kwanza na la tatu hurudishiwa nafasi yake.

Waliotutangulia

Wataliano ndio wanaotajwa mwanzoni mwa vitabu. Cesare Beccaria aliandika juu ya makosa na adhabu mwaka 1764, akipinga mateso na hukumu ya kifo. Cesare Lombroso, daktari, alitoa mwaka 1876 kitabu chake juu ya mtu mhalifu, akidai kwamba wako waliozaliwa na uhalifu na kwamba dalili zake zaonekana katika fuvu na taya. Mwaka huohuo wa 1876 Askofu Edward Steere aliwapeleka watumwa waliokombolewa wakafanye makao Masasi, chini ya uwanda huu tunaouzungumzia. Hakuna uhusiano kati ya mambo hayo mawili, lakini mimi huyaweka pamoja darasani. Yule mmoja alikuwa akipima mafuvu ya wafungwa apate kumjua mtu mwovu. Huku kwetu watu walikuwa wamenunuliwa na kuuzwa katika biashara ambayo kwa muda mrefu haikuwa kosa mbele ya watawala wake, na uovu ule haukuonekana katika taya la mtu yeyote.

Nadharia ya Lombroso ilikwisha kuanguka, ingawa masalio yake yangali vinywani mwa watu kila anaposemwa kijana kwamba “ana sura ya wizi.” Baadaye uongozi wa fikra ulihamia kwa wanasosholojia wa Marekani. Clifford Shaw na Henry McKay walichora ramani za makosa ya vijana wa Chicago, wakaonyesha kwamba mitaa fulani ilibaki na makosa mengi hata wakazi wake walipobadilika. Robert Merton alieleza mwaka 1938 jinsi jamii inavyowahimiza wote watafute mali huku ikiwafungia wengine njia halali za kuipata. Edwin Sutherland, ambaye tutamrudia, alifundisha kwamba uhalifu hujifunzwa kama kazi nyingine yoyote, kwa kukaa na wanaoutenda na kuzipokea sababu zao.

Afrika Mashariki haikukaa kimya, ingawa mwanafunzi anaweza kumaliza masomo yake pasipo kuambiwa hivyo. R. E. S. Tanner, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni Tanganyika, alichapisha mwaka 1970 tafiti tatu juu ya uhalifu wa Afrika Mashariki. Marshall Clinard na Daniel Abbott walilinganisha mitaa miwili ya maskini mjini Kampala, Kisenyi na Namuwongo, wakaona kwamba umaskini peke yake hautoshi kueleza wizi: palipokuwa na makosa machache palikuwa pia na kutembeleana zaidi na mafungamano yenye nguvu zaidi kati ya wakazi. Kitabu chao kilitoka mwaka 1973. Mwaka uliofuata Tibamanya mwene Mushanga wa Uganda alitoa utafiti wake juu ya mauaji katika Ankole, Kigezi na Toro. Wauaji wengi aliowachunguza hawakuwa wageni kwa waliouawa. Walikuwa ndugu, wenzi wa ndoa, majirani, watu waliokunywa pamoja. Mwaka 1985 Leonard Shaidi alimaliza katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tasnifu yake ya udaktari inayoueleza uhalifu wa Tanzania Bara kwa kuifuata historia ya uchumi na utawala. Na tangu 1989 iko Kampala taasisi ya Umoja wa Mataifa ya Afrika inayoshughulika na kuzuia uhalifu na kuwatendea wahalifu, ijulikanayo kwa kifupi UNAFRI.

Nimemtaja Shaidi mwishoni kwa makusudi. Kazi ya namna yake ndiyo inayomsaidia zaidi mtu wa Mnyambe, kwa kuwa inauliza sheria yenyewe ilitoka wapi.

Kosa linalokuja na kuondoka

Wazee wa Newala waliokuwa watu wazima katika miaka ya 1990 wanakumbuka kodi ya maendeleo. Mgambo walikuja alfajiri. Wanaume waliokosa stakabadhi walikimbilia vichakani au walikamatwa. Mwaka 2003 kodi hiyo ilifutwa. Wanaume walewale, kwa mifuko ileile mitupu, waliacha kuwa wakosaji. Mwanafunzi akilitafakari jambo hilo barabara ataona kwamba idadi ya “wahalifu” wa kijiji yaweza kupungua sana pasipo mtu hata mmoja kubadilika moyo.

Mfano mwingine ni wa mwaka 1983. Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako dhidi ya wahujumu uchumi, na sheria maalumu ikatungwa mwaka huo kwa ajili yao. Mwaka 1984 ikafuatwa na sheria ya makosa ya uhujumu uchumi iliyorudisha mambo hayo mahakamani. Mwaka huohuo wa 1983 ilipitishwa sheria ya kugawa nguvu kazi, iliyowaandama mijini wale walioonekana kuwa wazururaji. Biashara ndogo nyingi zilizotazamwa kwa shaka wakati ule zilikuja kusifiwa katika miaka ya 1990 kuwa ni juhudi za kujiajiri.

Ndiyo maana kangomba ni shule nzuri. Mwezi wa Oktoba 2018 wakulima wa kusini walikataa bei walizoziona kuwa ni ndogo. Tarehe 12 Novemba 2018 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likatumika kuzisomba. Ili fedha isiingie mifukoni mwa wanunuzi wa kangomba ulifanywa uhakiki: mkulima aliyeleta zaidi ya kilo 1,500 alitakiwa kuonyesha shamba lililozaa korosho hizo.

Tazama sasa agizo hilo lilivyokutana na maisha ya uwanda. Wamakonde wa upande huu wamefuata kwa desturi ukoo wa mama. Mwanamume aweza kuwa analima shamba la upande wa mkewe, au mikorosho iliyopandwa na mjomba wake. Hutokea pia kwamba mikorosho imewekwa rehani, ardhi ikabaki ya mmoja na mavuno ya msimu yakawa ya mwingine. Mtu wa namna hiyo akiambiwa, “Tuonyeshe shamba lako,” amwonyeshe ofisa nini? Akisema kweli yote, maelezo yake yatafanana na ya mlanguzi. Akifupisha, amesema uongo mbele ya mtumishi wa serikali. Sisemi kwamba wanunuzi wa kangomba hawakuwapo; walikuwapo, na baadhi yao ni wanyonyaji wakubwa wa wajane na wagonjwa. Nasema kwamba chombo kilichotumika kuwapata kiliweza pia kumgeuza mkulima wa kweli kuwa mtuhumiwa. Jambo hilo ndilo linalofaa kuwa kiini cha tasnifu.

Hesabu zisizosema yote

Jeshi la Polisi pamoja na Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa taarifa za makosa yaliyoripotiwa nchini. Mwanafunzi mpya huzipokea kama mkulima anavyopokea mvua. Msimamizi mwema humwuliza papo hapo: kosa hufikaje katika kitabu hiki? Ni lazima mtu alitambue kuwa ni kosa, aone faida ya kulipeleka mbele, apate nauli, na akifika kituoni akubaliwe na kuandikiwa. Katika kila hatua wengine hubaki nyuma.

Korosho zilizoibwa usiku chini ya miti ya Mnyambe huenda zikaishia kwa mjumbe wa nyumba kumi au kwa mjomba wa kijana anayeshukiwa. Wakulungwa, kama wazee wanavyoitwa huko, hukaa, hutaja fidia, na mambo hukoma. Mengine huishia katika baraza la kata, chombo kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 1985 ili kupatanisha. Machache hufika Mahakama ya Mwanzo. Kwa hiyo kituo cha polisi chenye kitabu chembamba chaweza kuwa katika kata yenye amani, au katika kata yenye wazee hodari, au katika kata ambayo watu wake wamekata tamaa na polisi. Namba ni ileile kwa hali zote tatu. Sijui somo jingine la mbinu za utafiti lenye faida kubwa kuliko hili, nalo hujifunzwa kwa kuketi barazani kijijini majuma kadhaa wala si kwa kukariri fomula.

Nani hatazamwi

Turudi kwa Sutherland. Mwezi wa Desemba 1939 aliwahutubia wanasosholojia wenzake wa Marekani akawaambia kwamba wamejenga nadharia zao juu ya maskini waliofungwa, wakayasahau makosa ya watu wenye heshima yanayotendwa ndani ya kazi zao. Mwaka 1949 alichapisha kitabu kilichochunguza makampuni makubwa 70, na mchapishaji alimlazimisha ayaondoe majina ya makampuni hayo. Toleo lenye majina halikutoka mpaka 1983, zaidi ya miaka thelathini baada ya kufa kwake.

Mwanafunzi atakayekuwa amesoma habari hiyo, atakapofika Mnyambe, hatakitazama kibakuli peke yake; ataitazama na mizani. Korosho hupungua uzito zikikauka, na wenye biashara wana neno lake, unyaufu. Unyaufu ni jambo la kweli la maumbile. Lakini kilo zinazokatwa kwa jina la unyaufu, zikizidi zile zilizokauka kweli, zimekwenda mahali. Vivyo hivyo mizani isiyokaguliwa, daraja la ubora lililoandikwa chini ya linalostahili, au malipo yanayokawia hata mkulima akalazimika kwenda tena kwa mwenye fedha taslimu. Kijana wa kibakuli akikamatwa huitwa mhalifu. Upotevu wa aina hii ya pili, ukigunduliwa, huitwa kwa kawaida dosari, upungufu au hoja ya ukaguzi, na dawa yake ni barua. Simshitaki mtu wala chama. Naonyesha namna lugha yenyewe inavyogawa lawama kabla ya hakimu yeyote kukaa kitini.

Tena mambo hayo mawili huenda yakawa yanazaana. Mama yule alikwenda kwa kijana mwezi wa Machi kwa sababu fedha ya msimu uliopita ilichelewa au ilipunguzwa. Nadharia ya Merton yafaa hapa kuliko nyingi: njia halali ilikuwapo, ila ilikuwa ndefu kuliko njaa yake. Hata hivyo Merton hawezi kueleza kwa nini jirani yake, mwenye njaa ileile, hakwenda. Huenda alikuwa na mjomba mwenye mbuzi wa kuuza. Huenda alikuwa katika kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Hapo uchunguzi wa Kampala wa 1973 juu ya mafungamano ya majirani waanza kusema.

Njia ya masomo na barua zake

Juu ya utaratibu wa chuo nitasema kwa ufupi, maana kila chuo kina kitabu chake. Kwetu mlango wa kawaida wa elimu hii umekuwa ni kitivo cha sheria au idara ya sosholojia, na mara nyingi mwanafunzi husoma nadharia, mbinu za utafiti na elimu ya adhabu kwa mwaka wa kwanza, kisha huandika tasnifu. Mwenye shahada ya theolojia atatakiwa pengine kusoma kwanza masomo ya kujazia, asione aibu. Anao uzoefu ambao wenzake hawana, wa kuketi na mtu aliyetenda jambo baya na kumsikiliza mpaka mwisho.

Apangapo muda wake, ahesabu barua. Barua ya chuo huenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ndipo kwa Katibu Tawala wa Wilaya, ndipo kwa ofisa mtendaji wa kata, ndipo kwa mtendaji wa kijiji. Atakayeingia gerezani kuzungumza na wafungwa apate pia ruhusa ya Kamishna Jenerali wa Magereza. Kila meza ina siku zake. Tena kila barua humfanya mtafiti aonekane kijijini kama mtu aliyetumwa na serikali, jambo lisilo dogo katika kata ambako wageni wenye madaftari wamekuja zamani kuhesabu kodi na karibuni kuhakiki mashamba.

Lugha nayo hutaka maandalizi. Kumbukumbu za Mahakama ya Mwanzo zimeandikwa kwa Kiswahili, nazo ni hazina. Zile za mahakama za juu kwa miaka mingi ziliandikwa kwa Kiingereza, hata baada ya shahidi kusema kwa Kiswahili chenye Kimakonde ndani yake. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Tasnifu yenyewe, katika vyuo vingi, yaandikwa kwa Kiingereza. Basi neno la yule mama, “nimekopa,” laweza kupita katika mikono mitatu na kutokea upande wa pili kama kukiri kosa. Nawashauri wanafunzi waliweke neno la msemaji kama alivyolisema, ndani ya maandishi, ndipo watoe maelezo yao chini yake.

Daftari la mtafiti

Limebaki jambo moja, nalo ndilo linalowasumbua wachungaji wetu kuliko mengine. Mtu anayechunguza kangomba ataambiwa habari za makosa. Ataambiwa nani ananunua, nani anaingiza mzigo ghalani kwa jina la nani, na nani anafumba macho. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 humtaka mtu anayepata kujua kwamba limetendeka kosa chini ya Kanuni ya Adhabu atoe habari, isipokuwa ana sababu ya haki ya kutofanya hivyo. Ununuzi wenyewe bila leseni waweza kuwa nje ya Kanuni hiyo. Mizani ya uongo au stakabadhi ya kughushi imo ndani. Mtafiti asijidanganye kwamba daftari lake lina kinga mbele ya mahakama kwa kuwa tu limegongwa muhuri wa chuo kikuu.

Ikiwa mtafiti ni mchungaji, ugumu huongezeka mara mbili. Mzee mmoja atamweleza jambo akidhani anasema na mchungaji, naye mchungaji atalisikia kama mtafiti, na kesho yake litakuwa katika sura ya nne ya tasnifu. Hapo hakuna kanuni ya chuo itakayomsaidia kama hakuonya mapema. Aseme tangu mwanzo, kabla hajafungua daftari, amekuja kwa kazi gani, na asemwe vivyo na mtendaji, na imamu, na mwinjilisti wa mahali. Aeleze wazi kwamba hahitaji kuambiwa jina la mtu yeyote wala siku wala ghala. Mtu akianza kutaja, amzuie kwa upole, kalamu ikiwa mezani. Akitaka mzee yule kusema naye kama mchungaji, basi na iwe siku nyingine, na daftari libaki nyumbani.

Yale aliyoyaandika ayaandike kwa alama badala ya majina, na ufunguo wa alama hizo usikae Mnyambe wala katika mkoba mmoja na daftari. Kata ni ndogo. Ukiandika “mjane mwenye watoto sita anayekaa karibu na tangi la maji,” umekwisha kumtaja, hata kama jina hukuliandika. Wasimamizi wa mbali hawalioni hilo, kwa hiyo ni wajibu wa mwanafunzi mwenyewe kuisoma rasimu yake kwa macho ya mtu wa Mnyambe, ukurasa kwa ukurasa, na kufuta kila sentensi ambayo mtu wa huko angeinua kichwa na kusema, “Huyu namjua.”